Zwickau baada ya injini ya mwisho: tathmini ya kiwanda kilichogeuzwa na gari lake la kwanza

Tarehe 26 Juni 2020, gari jeupe aina ya Golf R, lenye injini ya petroli ya lita 2.0 na buti refu la mizigo, lilitoka kwenye mstari wa kuunganisha wa kiwanda cha Volkswagen kilichoko Mosel, nje kidogo ya mji wa Zwickau katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Nyuma yake hakukuja tena gari la mafuta. Kampuni ilikuwa imetenga yuro bilioni 1.2 ili kiwanda kizima, chenye wafanyakazi wapatao 8,000, kiachane na injini na kuunda magari ya umeme peke yake, na ilitangaza kuwa hakuna kiwanda kikubwa cha magari kilichowahi kugeuzwa chote namna hiyo. Hapa nakusudia kukipima kiwanda hicho kama mtu anavyopima kitu kilichonunuliwa kwa gharama kubwa: kinafanya kazi iliyokusudiwa, kina kasoro gani, na gari la kwanza lililotokana na mageuzi hayo, yaani ID.3, linatueleza nini juu ya kazi yenyewe.

Nitangulize hukumu yangu. Kazi ya kugeuza kiwanda, kwa maana ya bati, mitambo na mikono ya watu, ilifanywa kwa ustadi mkubwa na inastahili kuigwa. Kilichopungua ni mambo mawili ambayo hayakuamuliwa na watu wa mstari wa kuunganisha: programu za kompyuta zilizowekwa ndani ya gari, na uamuzi wa wakubwa wa kukifungamanisha kiwanda kizima na aina moja tu ya magari. Wafanyakazi hawakuhusika na kasoro yoyote kati ya hizo, lakini mzigo wa ile ya pili umewaelemea wao.

Mji wenyewe haukuwa mgeni wa mabadiliko. August Horch alihamishia kampuni yake ya magari Zwickau mwaka 1904. Alipotengana nayo mwaka 1909 na kuanzisha nyingine, hakuruhusiwa kulitumia tena jina lake, hivyo akalitafsiri jina hilo, Horch, ambalo kwa Kijerumani lina maana ya "sikiliza", kwa Kilatini, na likapatikana jina la Audi. Zikaja zama za Ujerumani Mashariki na Trabant, gari dogo lenye injini ya mipigo miwili na bodi ya plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za pamba, ambalo liliundwa mjini humo tangu 1957 hadi 1991 na kupita idadi ya milioni 3. Trabant ilikufa kwa sababu mipaka ilipofunguliwa hakuna aliyelitaka tena gari lile. Kwa hiyo watu wa Zwickau wanajua vizuri, kuliko wakazi wa miji mingi ya viwanda, maana ya kubaki na bidhaa iliyopitwa na wakati, na naamini ujuzi huo ulisaidia kuwafanya wakubali kuanza upya mapema.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni mpangilio wa kazi. Kiwanda hakikufungwa. Mafundi waliibomoa na kuijenga upya sehemu moja huku nyingine ikiendelea kuunda Golf, na tarehe 4 Novemba 2019, mbele ya Kansela Angela Merkel, uundaji wa ID.3 ukaanza rasmi wakati magari ya petroli yakiwa bado yanaunganishwa chini ya paa lilelile. Sehemu iliyobaki iligeuzwa mwaka uliofuata. General Motors ilichagua njia nyingine katika kiwanda chake cha Detroit-Hamtramck: ilisimamisha uundaji mapema mwaka 2020, ikatenga dola bilioni 2.2, ikakibadilisha jina kiwanda kikawa Factory Zero, na magari ya kwanza ya umeme aina ya Hummer yakawafikia wateja Desemba 2021. Kusimamisha kila kitu kunarahisisha kazi ya mafundi wa ujenzi, kwa kuwa hakuna anayewapita na bodi za magari juu ya vichwa vyao. Lakini karibu miaka miwili bila gari ni muda mrefu kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa zamu, na ndiyo sababu naipendelea njia ya Zwickau, ingawa ni ngumu zaidi kuipanga.

Ni vyema msomaji afahamu nini hasa hubadilika, maana wengi hudhani kwamba kugeuza kiwanda ni kung'oa injini na kuweka betri mahali pake. Mashine za kukandamiza bati hubaki, kwani mlango wa gari la umeme ni mlango kama mwingine wowote. Karakana ya rangi, ambayo ni miongoni mwa sehemu ghali kabisa za kiwanda cha magari, nayo hubaki kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo penye faida ya kutumia kiwanda cha zamani badala ya kujenga kipya shambani. Karakana ya bodi, kinyume chake, hulazimika kufanywa upya karibu yote, kwa sababu sakafu ya gari la umeme ina umbo tofauti kabisa: hakuna mfereji wa kupitishia ekzosi, wala nafasi ya tangi la mafuta, na mihimili ya pembeni huongezwa nguvu ili kuilinda betri pindi gari linapogongwa ubavuni. Roboti zote za kuchomelea hupangwa upya kufuata sakafu hiyo.

Kwenye mstari wa kuunganisha, tofauti huonekana vizuri zaidi katika kituo ambacho wafanyakazi wa viwanda vya magari Ujerumani hukiita harusi, mahali ambapo bodi iliyokwisha kupakwa rangi hukutanishwa na mitambo yake ya kutembea. Zamani, kilichopanda kutoka chini kilikuwa injini, giaboksi na ekzosi. Sasa hupanda betri bapa, pana kama kitanda na nzito kuliko watu watano. Ile kubwa inakaribia kilo 500. Bodi huja imening'inia juu, betri huinuliwa taratibu kutoka chini ikiwa imelala juu ya meza yake, na vipimo vya kukutana kwao ni vya milimita. Kisha parafujo hukazwa kwa nguvu iliyopimwa, kwa sababu betri hiyo ni sehemu ya uimara wa gari na si shehena iliyobebwa tu. Nyaya za rangi ya machungwa zinazoonekana pembeni hubeba volti zinazokaribia 400. Umeme wa namna hiyo hautoi harufu wala moshi wa kumtahadharisha mtu, na ndiyo maana mafunzo ya usalama yalitolewa kwa wafanyakazi kabla ya gari la kwanza kuunganishwa, na wanaogusa mitambo hiyo hupewa idhini maalumu.

Kuna badiliko jingine dogo ambalo kwangu lina uzito. Kitambaa cha dari ya ndani, ambacho katika viwanda vingi hubandikwa na mtu aliyeinua mikono juu ya kichwa akiwa amejikunja ndani ya gari, Zwickau hupachikwa na mtambo. Yeyote aliyewahi kupaka rangi dari ya chumba kimoja anajua mabega yanavyouma jioni; hebu afikirie kufanya hivyo mamia ya mara kwa zamu, mwaka baada ya mwaka. Roboti hulaumiwa sana, mara nyingi kwa haki, lakini kazi hii sioni sababu ya kumrudishia binadamu.

Gari lililotokana na yote hayo linaonyesha wazi palipofanywa vizuri na palipolegea. ID.3 ina urefu wa mita 4.26 tu, lakini umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.77, na kwa sababu mota imewekwa nyuma na sakafu ni tambarare, abiria wa nyuma wananyoosha miguu kama wamo ndani ya gari kubwa zaidi. Magurudumu ya mbele, yasiyobanwa na injini, hukata kona kwa wepesi. Gari hugeuka ndani ya duara la mita 10.2, na katika maegesho yenye msongamano jambo hilo linathaminiwa kuliko idadi ya nguvu za farasi. Buti ni ya lita 385. Breki za nyuma ni za drumu, na baadhi ya wakaguzi walizibeza kana kwamba kampuni ilibana matumizi, lakini mimi naziona zinafaa: mota ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, na breki isiyotumika sana hukaa salama zaidi ikiwa imefunikwa isipatwe na kutu. Katika majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, ya mwaka 2020 gari lilipata nyota 5. Haya yote ni matunda ya kiwanda kinachojua kushughulika na chuma.

Upande wa programu hali ilikuwa tofauti. Magari yalikuwa yanatoka kwenye mstari wakati programu zake hazijakamilika, hata mengi yakaegeshwa yakisubiri, na wateja wa kwanza walipoanza kuyapokea Septemba 2020 baadhi ya huduma zilizotangazwa bado hazikuwamo. Ndani, plastiki ngumu ilitawala mahali ambapo Golf ilikuwa na vifaa laini. Kidhibiti cha sauti na cha joto kilifanywa kuwa ukanda wa kupapasa chini ya skrini, na ukanda huo haukuwekewa taa, kwa hiyo usiku dereva anayetaka kupunguza baridi analazimika kuyaondoa macho barabarani na kuutafuta kwa vidole gizani. Kwenye mlango wa dereva kuna swichi mbili tu za vioo badala ya nne, na ili kufungua vioo vya nyuma ni lazima kwanza aguse alama inayozifanya swichi hizo ziendeshe vioo vya nyuma. Huku ni kubana matumizi kusikofaa, kulikofanywa mahali ambapo mkono wa mtumiaji hugusa kila siku. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2023 lilikuja na vifaa bora vya ndani, baadaye ukanda ule ukawekewa taa, na kampuni imekwisha kukiri kuwa vitufe halisi vinarudi katika magari yake mapya. Anayetafuta ID.3 iliyotumika, nampendekezea atafute iliyoundwa baada ya marekebisho hayo, na akikuta ya mwanzoni, aulize kwanza kama programu zake zimesasishwa kwenye karakana.

Kasoro ya pili ni ya mipango. Kiwanda kilijengewa uwezo wa kuunda magari 330,000 kwa mwaka kwa ajili ya chapa tatu, Volkswagen, Audi na Cupra, yote yakiwa juu ya jukwaa moja la umeme, yaani msingi uleule wa sakafu, betri na mota. Soko halikukua kwa kasi iliyotarajiwa. Septemba 2023 ilitangazwa kuwa mikataba ya muda ya wafanyakazi 269 haitaongezwa, na tarehe 17 Desemba mwaka huohuo serikali ya Ujerumani ikafunga ghafla maombi ya ruzuku kwa wanunuzi wa magari ya umeme. Kiwanda kinachoweza kuunda aina zote mbili kingerudisha magari ya petroli kwenye mstari mpaka hali itengemae. Zwickau hakikuwa na njia hiyo, kwa kuwa kilijengwa kisiwe nayo. BMW ilikwenda kwa tahadhari zaidi mjini Munich: tangu 2021 iliunganisha i4 ya umeme kwenye mstari mmoja na magari ya injini, ikahamishia uundaji wa injini Uingereza na Austria, na imejipangia kuunda magari ya umeme pekee hapo mwishoni mwa 2027. Mstari wa mchanganyiko una gharama zake, na gari lililobuniwa kukubali injini na betri kwa pamoja hupoteza baadhi ya nafasi ambayo nimeisifia ID.3. Hata hivyo unawapa watu kazi wakati soko linapoyumba.

Hatari ya kutegemea gari moja au mawili haikuwa ya Zwickau peke yake. Kiwanda cha Audi cha Brussels kiligeuzwa kuunda gari la umeme mwaka 2018, kikasifiwa kwa kuwa miongoni mwa vya kwanza, na Februari 2025 kikafungwa, mauzo ya gari lake kubwa na ghali yalipodorora. Ugeuzaji wenyewe haukuwa na kosa. Lililokosekana ni gari la pili la kuja badala yake.

Kwa Zwickau, makubaliano kati ya Volkswagen na chama cha wafanyakazi ya Desemba 2024 yaliepusha kufungwa kwa kiwanda, lakini ID.3 na Cupra Born zimepangiwa kuhamia Wolfsburg, kwenye kiwanda kikuu cha Volkswagen, na kuanzia 2027 kitakachobaki ni Audi Q4 e-tron kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo ninapoiondolea kampuni alama nyingi kuliko pengine pote katika tathmini hii. Wafanyakazi waliojifunza kazi upya, wakaunda gari jipya huku la zamani likipita pembeni yao, na kutimiza kila tarehe ya ugeuzaji waliyopewa, ndio watakaouona mstari mmoja kati ya miwili waliyoijenga upya ukinyamaza, na walistahili kuhakikishiwa gari la kuwekwa juu yake kabla ID.3 haijapangiwa kwenda kwingine.