Nukta za Kanga Hutangulia: Jumamosi Tano za Kujifunza Batiki Mwananyamala

Nimemchora ndege kanga mara nyingi mno. Chumba changu cha kazi kiko Sinza, nyuma ya nyumba tunayopanga, na kwa miaka tisa nimekuwa nikichora kwa rangi ya mafuta, kwa mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Utaratibu wake tunaujua: unapaka usuli, yaani eneo la nyuma ya picha, unaacha ukauke, unaweka umbo la ndege, unaacha likauke, halafu mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi ndogo, unadondosha nukta nyeupe. Nukta ndizo zinazomfanya kanga awe kanga. Husemwa hata vazi letu la kanga lilipata jina kwa ndege huyu, kwa sababu ya madoa yake. Kwangu mimi nukta zilikuwa kazi ya jioni, ya kupumzisha roho, redio ikiimba pembeni.

Mwezi Machi nililipia mafunzo ya batiki, yaani kupamba kitambaa kwa nta na rangi, kwa mama mmoja mwenye karakana uani kwake, Mwananyamala. Jumamosi tano, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, shilingi 150,000 pamoja na mita mbili za bafta (kitambaa cheupe cha pamba), nta na rangi. Rafiki zangu wachoraji wananiuliza kama pesa hiyo ilistahili wakati simu zimejaa video za bure. Ilistahili. Lakini kuna mambo yalinikwaza, nayo nitayasema.

Siku ya kwanza nilifika na kitambaa changu cha ziada, mita nne nilizonunua Kariakoo kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni pamba tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nikione hicho kitambaa."

Alichomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha shanga ndogo nyeusi, ngumu. Kisha akachomoa uzi wa bafta yake, akauwasha. Huo uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu laini lililopotea alipolifikicha kwa vidole. Rangi tunazotumia hushika pamba, akasema, na uzi wa plastiki huzikataa. Mita zangu nne zikawa foronya. Tangu siku hiyo siingii duka la vitambaa bila kiberiti mfukoni, na muuzaji asiyekubali nichome uzi mmoja namwacha na mali yake.

Jumamosi mbili zilikuwa za nta peke yake, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mwalimu na video. Nta yake ni mchanganyiko wa nta ya nyuki na ile ya mishumaa. Ya nyuki ni laini, inakunjika na kitambaa. Ya mishumaa ni kavu, inavunjika na kuacha nyufa. Sufuria ya nta hukaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, isipate moto wa moja kwa moja, na kando yake kuna mfuniko na ndoo ya mchanga, kwa sababu nta ikishika moto humwagii maji, unafunika. Haya yote ungeweza kuyasikia kwenye simu. Usichoweza kupata kwenye simu ni mtu wa kukushika kifundo cha mkono brashi ikiwa tayari imegusa kitambaa, akakwambia, "Ngoja, imepoa." Nta iliyopoa hukaa juu ya uzi kama chokaa. Ikiwa na joto lake hupenya, na pale ilipopita kitambaa kinaonyesha ng'ambo, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Alitufundisha kugeuza kitambaa kila baada ya mistari michache tuangalie upande wa nyuma. Niliharibu vipande sita kabla mkono haujaijua nta. Aliniacha niviharibu, akavitundika kambani kimoja kimoja, akanieleza kila kimoja kilikosea wapi.

Halafu likaja suala la mpangilio. Nilimwonyesha mchoro wa kanga wangu, akaniuliza, "Nini kitabaki cheupe?"

Nikamwonyesha nukta.

"Basi anza na hizo."

Nilikaa na brashi mkononi muda mrefu. Mbele yangu kulikuwa na kitambaa kitupu: hakuna ndege, hakuna shingo, hakuna majani, nami natakiwa kuweka madoa ya ndege ambaye bado hayupo. Kwenye batiki kila unachotaka kibaki na rangi yake unakifunika kabla ya rangi inayofuata, kuanzia nyepesi kwenda nzito. Nukta nyeupe zinafunikwa kwanza. Kisha kitambaa huchovywa kwenye bluu nyepesi. Baada ya kukauka unafunika kichwa cha ndege na usuli wote, maana sehemu hizo zitabaki bluu nyepesi. Kisha unakichovya kwenye bluu nzito, na mwili wa ndege ndio unaotokea mwisho, kuzunguka nukta zilizokuwa zikiusubiri. Miaka tisa ya mazoea ilinibidi niisome kutoka nyuma. Kipande cha kwanza nukta zilikaa hovyo, mgongo haukuwa na mviringo. Cha pili nilichora mwili kwa penseli nyepesi, nikazipanga nukta kwa kufuata mbavu. Sasa hata nikirudi kwenye turubai na rangi ya mafuta, nauona mwili wa ndege kupitia nukta zake, na nachora polepole zaidi.

Siku ya kuchovya ilinishangaza kama mtoto. Rangi hizi haziyeyuki kwenye maji matupu. Zinahitaji soda kali, kostiki, na haidrosalfaiti, poda nyeupe yenye harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Soda humwagwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi kwenye soda, kwani huchemka na kuruka. Ndani ya beseni rangi ya bluu ilikuwa kijani kibichi chenye umanjano. Nilikitoa kitambaa kikiwa kijani, nikakiinua, na hewa ilipokipiga kikaanza kugeuka bluu kuanzia kwenye kingo. Hewa ndiyo inayoirudisha rangi na kuifungia ndani ya uzi. Tulianika kivulini, kwa maana jua la Dar linailainisha nta kambani. Mwisho unachemsha kitambaa kwa sabuni ya unga, nta inaelea, na sufuria ikipoa unaitoa nta kama mfuniko na kuitumia tena.

Sasa yaliyonikwaza. Mama anapima kwa macho. Nilileta mizani ya jikoni nikapima vijiko vyake vya soda kimyakimya: kimoja gramu 9, kingine gramu 16. Yeye huirekebisha rangi kwa kuiangalia, ana mazoea ya miaka mingi, lakini mwanafunzi akirudi nyumbani hana macho hayo. Kila anayejiunga angestahili kupewa karatasi moja yenye vipimo. Glavu hazikuwepo za kutosha, na kwa soda ile hilo si jambo dogo. Mwenzetu mmoja aliungua kidogo kwenye kiganja. Tulikuwa wanafunzi wanane kwa majiko mawili, hivyo Jumamosi ya pili nilitumia karibu saa nzima nikisubiri zamu ya nta. Na maji yenye rangi na soda yalimwagwa mtaroni, mbele ya nyumba za watu ambao watoto wao huchezea pale. Nilimwambia mama, kwa heshima, na akasema atatafuta pipa la kuyatunzia. Natamani nikalione.

Jumamosi ya tano ilinyesha mvua tangu asubuhi, hakuna kilichokauka, tukarudishwa nyumbani saa sita. Alitufidia siku hiyo wiki iliyofuata bila sisi kudai.

Kwa mchoraji mwenye mkono tayari, napendekeza mafunzo haya bila kusita. Kwa anayetaka kuanza biashara ya vitenge vya batiki mara moja, Jumamosi tano hazitoshi, kwa sababu hatukugusa kabisa mihuri ya sponji ya godoro, ile inayokatwa kwa wembe, ambayo ndiyo inayokuwezesha kumaliza mita nyingi kwa siku. Hiyo ni ngazi ya pili.

Nimeshailipia. Inaanza baada ya Idi, na mkobani nimeweka mizani, jozi mbili za glavu, moja yangu na moja ya atakayesahau, na kipande cha godoro nilichokata umbo la bawa.