Programu za vipawa katika shule za msingi: ipi inafanya kazi kweli?

Shule inaposema ina programu ya watoto wenye vipawa, swali la kwanza ni moja: mtoto anasomaje hisabati siku ya kawaida, wakati hakuna mgeni? Chini ya jina hilo kuna mipango ya aina nne, na ubora wake umetofautiana mno.

Unaopatikana zaidi ni ule wa kumtoa mtoto darasani kwa saa chache kila wiki akafanye mradi na mwalimu maalumu. Watoto huupenda, lakini kwetu ndio dhaifu kuliko yote. Kipawa hakisubiri siku ya mradi, na muda wote uliobaki mtoto anakaa akisikiliza mambo anayoyajua. Uliza kazi aliyoikosa alipotoka inakuwaje. Ukijibiwa "ataimalizia nyumbani", ujue mtoto wako ataongezewa mzigo kwa sababu tu ana akili, na baada ya muda atakataa mwenyewe kwenda.

Mpango wa pili ni kuwakusanya watoto kama 5 hadi 8 wenye uwezo unaokaribiana ndani ya darasa la kawaida, chini ya mwalimu aliyefundishwa kazi hiyo. Ukiendeshwa vizuri tunaupa alama za juu: mtoto ana wa kushindana naye, na hatengwi na wengine. Huharibika mwalimu anapowageuza kuwa wasaidizi wake, wakimaliza zoezi wanatumwa kuwaelekeza wenzao. Kuwasaidia wenzao ni jambo jema, ila mtoto aliyekuja shule kujifunza hapaswi kupitisha mwaka akifundisha.

Darasa la peke yao siku nzima ndilo lenye nguvu zaidi, mradi kasi ya masomo ibadilike kweli. Hapa angalia jinsi mwalimu anavyopokea kutolingana kwa mtoto. Mtoto wa miaka 7 anaweza kukokotoa sehemu kama wa miaka 10 huku mwandiko wake ukiwa wa umri wake kabisa. Shule inayomzuia kusonga mbele kwa sababu ya mwandiko haijaielewa kazi yake.

Mpango wa nne, kumrusha darasa au kumsogeza mbele katika somo moja, ndio unaoogopwa kuliko yote, ilhali ndio wenye ushahidi mzito. Ripoti mbili kubwa zilizotoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2004 na 2015, zilionyesha kwamba watoto waliochaguliwa vizuri hufaidika kimasomo, na hofu kwamba wataharibikiwa katika urafiki haikuthibitika. Kusogezwa katika somo moja hukwama kwa sababu ndogo sana: ratiba. Kama hisabati ya darasa la tatu na ya darasa la tano hazifundishwi saa ileile, mtoto atakosa somo jingine kila siku. Uliza pia atasoma nini akimaliza hisabati yote ya shule ya msingi kabla ya mwaka wa mwisho.

Ukitembelea shule, omba daftari za hisabati za watoto watatu wa darasa moja, mmoja wao akiwa kwenye programu, zifunguliwe wiki ileile. Ukikuta wengine wana hesabu 20 na yeye ana 40 za aina ileile, hapo hakuna programu. Unachotafuta ni jaribio lililofanyika kabla ya mada kuanza, sehemu alizoziweza zikiwa zimeondolewa, kisha kurasa za maswali ya aina nyingine kabisa. Njia hii inatokana na kazi ya Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya watoto wenye vipawa. Utafiti wa Sally Reis na wenzake wa mwaka 1993 uligundua kwamba walimu wangeweza kumwondolea mwanafunzi wa aina hii asilimia 40 hadi 50 ya mada za kawaida bila alama zake kushuka. Nusu ya mwaka si muda wa kuchezea.

Kuhusu mtihani wa kuingilia, usitosheke na alama ya jumla. Katika WISC-V, kipimo cha akili cha watoto kinachoanzia miaka 6, wastani ni 100, na wanaofika 130 ni kama 2 katika kila watoto 100. Lakini kati ya 128 na 131 hakuna tofauti ya kweli. Mtoto yuleyule akipimwa siku nyingine anaweza kupata yoyote kati ya hizo. Soma alama za kila sehemu. CogAT, mtihani wa uwezo wa kufikiri, kwa mfano, hutenganisha maneno, namba na maumbo. Mtoto aliyepaa kwenye namba na kuwa wa kawaida kwenye maneno ataonekana hafai katika programu inayojaa insha. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, naye hupotea hapa, kwa kuwa kipawa huficha tatizo na tatizo huficha kipawa, akaishia kuitwa mtoto wa wastani. Shule nzuri itakubali kumpima upya kwa njia isiyodai kusoma.

Kabla ya kusaini, pata majibu ya maandishi kwa mambo mawili: mtoto anaondolewa kwenye programu kwa vigezo gani, na akirushwa darasa atapewa wiki ngapi za majaribio kabla ya uamuzi kuwa wa kudumu.