W (alama ya kujitoa) au F (alama ya kufeli): ujitoe kwenye kozi, au ubaki halafu urudie?

Chukua mwanafunzi wa chuo cha jamii Marekani, kozi 4 za krediti 3. Tatu ana B (pointi 3 kati ya 4), hesabu inamshinda.

Akijitoa rasmi kabla ya tarehe ya mwisho, anaandikiwa W. Wastani wa alama (GPA) unabaki 3.0, kwa kuwa W haihesabiwi. Aking'ang'ana akapata F, unashuka hadi 2.25. Akirudia na kupata B, vyuo vingi huhesabu alama mpya, ila F haifutiki kwenye transkripti.

Kwenye msaada wa masomo wa serikali kuu, W haina nafuu kwa kigezo cha krediti zilizokamilishwa: vyovyote vile amekamilisha krediti 9 kati ya 12, asilimia 75.

Mwenye viza ya F-1 (ya wanafunzi wa kigeni) asikurupuke. Akishuka hadi krediti 9 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, amevunja masharti. Na kutoroka darasa si kujitoa.