Kijitabu cha Buluu cha Colorado: je, kinafaa kuigwa na waelimishaji wa wapiga kura Bagamoyo?

Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ya 2014 ilipotoka, watu waligawiwa nakala ya katiba nzima. Kilichokosekana ni karatasi fupi ya kumwonyesha mkazi wa Dunda au Kaole kura yake ingebadilisha nini. Jimbo la Colorado nchini Marekani lina kitu cha kuziba pengo hilo: kijitabu kinachoeleza mapendekezo ya sheria na katiba yatakayopigiwa kura, wenyewe wanakiita Blue Book. Kinaandikwa na watafiti wa Bunge la jimbo wasiofungamana na chama chochote, na sheria inataka kifike kwenye makazi ya wapiga kura walioandikishwa angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Mtandaoni ni bure, kwa Kiingereza na Kihispania.

Ubora wake uko kwenye mpangilio. Kila pendekezo linaanza kwa kutaja nani amelileta na kiwango cha kura kinachohitajika ili lipite. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu tangu 2016 kuongeza kitu kwenye katiba ya Colorado kunahitaji asilimia 55, wakati kufuta tu kunahitaji zaidi ya nusu. Kisha inakuja sehemu ambayo peke yake inatosha kukipa kijitabu hiki sifa: ukipiga Ndiyo kitatokea nini, na ukipiga Hapana kitabaki nini, kila moja kwa sentensi moja au mbili. Baada ya hapo ndipo yanafuata maelezo ya sheria ilivyo sasa, hoja za kuunga mkono, hoja za kupinga na gharama kwa serikali.

Sehemu ya Hapana ndiyo tunayoihitaji zaidi huku kwetu. Si ajabu kumsikia mtu barazani akisema kwamba kuikataa katiba mpya ni kubaki bila katiba. Sivyo. Kwa utaratibu uliowekwa, Katiba Inayopendekezwa ilihitaji zaidi ya nusu ya kura Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake. Ikikosa upande mmoja, Katiba ya 1977 inaendelea. Kura hiyo ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa hadi leo.

Mpangilio huo unaingia vizuri kwenye mambo yetu. Chukua matokeo ya urais. Sasa: ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ndiyo: kwa Katiba Inayopendekezwa, matokeo yangeweza kupingwa mahakamani. Hapana: ibara ya 41(7) inabaki kama ilivyo. Mistari mitatu tu, na mzee asiyesoma sheria anaweza kubishana na mwanasheria. Fanya hivyo hivyo kwa mgombea binafsi, ukianzia ibara ya 39 na ya 67.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Mwaka 2016 Colorado ilipiga kura ya kufuta maneno ya katiba yaliyoruhusu utumwa uwe adhabu kwa aliyetiwa hatiani. Katika mji kama Bagamoyo, ulioshuhudia misafara ya watumwa ikifika pwani, jibu lingeonekana wazi. Lakini swali kwenye karatasi ya kura lilihusu kuondoa ruhusa iliyo ndani ya katazo, kinyume juu ya kinyume, na kijitabu nacho kililazimika kutoa hoja za kupinga. Pendekezo likaanguka kwa kura chache. Mwaka 2018 swali liliandikwa upya kwa kusema moja kwa moja kwamba utumwa upigwe marufuku katika hali zote, likapita kwa karibu theluthi mbili. Kwa hiyo kijitabu kizuri hakiokoi swali bovu: lisome swali lenyewe kwa sauti mbele ya watu, kisha uwaulize Ndiyo maana yake nini, kabla hujagusa hoja yoyote.

Tungependa pia kijitabu kiseme ni nani wako nyuma ya hoja za kila upande. Majedwali ya fedha ni magumu, yaruke ukiwa na kikundi. Kwa upande mwingine, rasimu hutolewa mapema ili pande zote zitoe maoni, na kamati ya wabunge haiwezi kubadili maandishi ya watafiti bila theluthi mbili ya kura. Ulinzi huo tungeutaka na sisi.

Nyota nne kati ya tano.

Ukitaka kukitumia, usichapishe faili lote. Chagua pendekezo moja, toa kurasa zake steshenari, na tengeneza karatasi yako ya upande mmoja yenye safu tatu: Sasa, Ndiyo, Hapana, na namba ya ibara katika kila mstari ili anayebisha aweze kuifungua. Mapendekezo matatu yanatosha kwa kikao kimoja. Hoja za pande mbili zisomwe na watu wawili tofauti, wala msomaji asiwe kiongozi wa chama. Na kabla ya kuitisha kikao wakati wa uchaguzi, taasisi yenu iwe na kibali cha Tume cha kutoa elimu ya mpiga kura, na nakala yake ifike ofisi ya serikali ya mtaa.