Matembezi ya Mji Mkongwe: nenda kwa ajili ya milango

Mimi ni seremala wa Tanga, kwa hiyo picha za machweo nawaachia wengine. Tulianzia Forodhani saa tatu asubuhi, mimi na mke wangu. Beit el-Ajaib, jumba la sultani la 1883, tuliitazama kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka 2020, na inauma kuiona.

Raha iko vichochoroni. Kijana aliyetuongoza alinisimamisha mbele ya mlango mmoja, akaniambia nipitishe kidole kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ungio la mbao mbili za mlango. Nakshi bado kali, utadhani patasi imetoka jana! Pembeni, mnyororo umechongwa pete kwa pete, na misumari ya shaba imeng'aa pale tu mikono inapofika. Mlango wenye upinde juu ni wa Kihindi, alisema. Ulionyooka ni wa Kiarabu. Nikabaki hapo mpaka mke wangu akanivuta shati.

Kasoro: Beit el Amani, lile jumba la makumbusho lenye kuba jeupe, kazi ya msanifu Mwingereza Sinclair, pale Mnazi Mmoja, tuliambiwa "siku nyingine". Michenzani nayo hatukufika, eti maghorofa ya Karume si urithi. Nani kasema? Tulikwenda wenyewe jioni, kwa daladala.