Kifaa Gani cha Mkononi Ununue kwa Gemu za Mahakamani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Arusha

Anayetafuta kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu za upelelezi na mahakama, hasa mfululizo wa Ace Attorney wa kampuni ya Capcom, mara nyingi hupewa ushauri usiomhusu. Muuzaji humweleza kasi ya prosesa, ubora wa picha na gemu za mpira zinazoingia humo, ilhali gemu anazozitaka yeye ni za kusoma. Humo mchezaji husoma maneno ya shahidi, hufungua orodha ya vielelezo, hurudi kwenye maneno yale yale, kisha huamua ni kauli ipi aidodose na ipi aiwekee pingamizi. Kwa hiyo mwongozo huu unavipanga vifaa kwa kutazama kwanza kioo na betri, na bei inafuata baada ya hayo mawili.

Kesi ya kwanza kabisa ya mfululizo huu, ambao ulianza Japani mwaka 2001, inatosha kueleza kwa nini kioo ni muhimu kiasi hicho. Muuza magazeti aitwaye Frank Sahwit anaiambia mahakama kwamba aliukuta mwili wa marehemu saa 7 mchana, lakini ripoti ya uchunguzi wa maiti, iliyoandikwa kwa mistari michache ndani ya orodha ya vielelezo, inasema kifo kilitokea kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Akibanwa, shahidi huyo anajitetea kwamba saa hiyo aliisikia kwenye televisheni. Hapo ndipo mchezaji anapotakiwa kukumbuka kielelezo kingine kinachoonyesha kwamba umeme ulikuwa umekatika katika jengo lile tangu saa 6 mchana hadi saa 12 jioni. Mkazi wa Arusha huing'amua hitilafu hiyo upesi kuliko wengi, lakini hawezi kuing'amua kama kioo ni kidogo au hafifu kiasi cha kumfanya aruke mistari. Kesi nzima husimama juu ya tarakimu mbili tatu za saa.

Niongeze tahadhari moja kwa wanafunzi wa sheria, ambao mji huu unao wengi wanaovutiwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapa. Taratibu za gemu hizi ni za kubuni: kesi hupewa siku tatu tu, na wakili wa utetezi hulazimika kumtafuta mhalifu halisi badala ya kutia shaka tu katika hoja za upande wa mashtaka. Faida yake halisi ni mazoezi ya kusikiliza kauli na kuilinganisha na kielelezo, na kwa hilo zinafaa sana.

Kabla ya kuvipanga vifaa ni lazima kujua gemu zenyewe zinapatikana wapi. Mkusanyiko wa gemu tatu za mwanzo, Phoenix Wright: Ace Attorney Trilogy, ulitoka kwa ajili ya kifaa cha Nintendo Switch mwaka 2019, The Great Ace Attorney Chronicles, yenye gemu mbili zinazohusu Japani na London ya kale, ilifuata 2021, na mwaka 2024 zilitoka Apollo Justice: Ace Attorney Trilogy pamoja na Ace Attorney Investigations Collection. Jumla ni gemu kumi, na zote huchezwa kwenye Switch. Hakuna kifaa kingine cha Nintendo cha kizazi kilichotangulia ambacho huzibeba zote hizo kwa Kiingereza, na ndiyo maana familia ya Switch imeshika nafasi za juu hapa.

Nafasi ya kwanza naipa Nintendo Switch OLED, iliyotoka Oktoba 2021. Kioo chake ni cha inchi 7 na cha aina ya OLED, yaani kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, hivyo rangi nyeusi yake ni nyeusi kweli, na maandishi meupe yaliyo chini ya picha ya shahidi husomeka bila kuyakazia macho hata baada ya saa kadhaa. Betri yake hudumu kati ya saa 4.5 na saa 9 kutegemea gemu, na kwa kuwa gemu za mahakamani hazikisumbui kifaa, mtumiaji anaweza kutarajia muda ulio karibu zaidi na kile kiwango cha juu. Kwa safari ya basi ya Arusha hadi Dar es Salaam, ambayo huchukua siku nzima, tofauti hiyo ni kubwa. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni stendi yake ya nyuma, ambayo imetandazwa upana wote wa kifaa na huinama kwa pembe yoyote, hivyo kifaa husimama imara mezani, nawe ukakitumia huku umeshika daftari la kuandikia yale ambayo mashahidi wamesema. Nawahimiza wote waandike. Kesi za mwisho za kila gemu ni ndefu, na kauli ya siku ya kwanza hurudi siku ya tatu. Aidha, vidhibiti vyake vya pembeni hutoka, kwa hiyo kijiti cha kuelekezea kikiharibika hubadilishwa kidhibiti chenyewe, na kifaa kizima hakilazimiki kupelekwa kwa fundi.

Ya pili ni Switch Lite ya mwaka 2019, na kwa mwanafunzi au mtu anayeanza kazi, hii ndiyo ningemshauri. Ilipotoka Marekani iliuzwa dola 199.99, wakati OLED ilianza kwa dola 349.99, na tofauti ya bei hizo huonekana hata vifaa vinapofika kwetu. Ina uzito wa gramu 275 hivi, huingia katika mfuko wa koti, na kwa kuwa haina sehemu zinazochomoka haichezi wala kulegea mkononi. Kioo chake cha inchi 5.5 kina idadi ile ile ya nukta kama cha OLED, kwa hiyo herufi ni kali lakini ndogo. Kijana mwenye macho mazima hatapata shida, ila anayevaa miwani ya kusomea akitazame kwanza dukani, afungue orodha ya vielelezo na kusoma maelezo ya kielelezo kimoja hadi mwisho, ndipo atoe fedha. Betri yake ni saa 3 hadi 7. Haiunganishwi na televisheni, na kijiti chake kikianza kujisogeza chenyewe ni lazima kifunguliwe kifaa kizima. Hata hivyo, katika gemu hizi kijiti hakina kazi kubwa, kwa kuwa karibu kila kitu hufanywa kwa vitufe.

Nafasi ya tatu ni ya Switch ya kawaida iliyotumika, na hapa pana maelezo mengi kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wa kwetu wanapoishia, na ndipo hasara inapojificha. Kuna matoleo mawili yanayofanana kwa sura. Lile la mwaka 2017 lina betri ya saa 2.5 hadi 6.5, na lile la 2019 lina betri ya saa 4.5 hadi 9. Ukigeuza kifaa, namba ya modeli iliyochapwa nyuma hukupa jibu: HAC-001 peke yake ni toleo la zamani, na HAC-001(01) ni toleo jipya, ambalo namba yake ya utambulisho huanza kwa herufi XK. Usikubali kuambiwa kwamba yote ni mamoja, na usilipe bei ya jipya kwa la zamani.

Baada ya hapo kiwashe kifaa mbele ya muuzaji, pasipo haraka. Ingia kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa kusawazisha vijiti, kisha ondoa vidole. Alama iliyopo kwenye kioo inapaswa kutulia katikati, na ikisogea yenyewe kijiti kimechoka. Chomeka kadi ya gemu na uiondoe mara kadhaa ili uone kama inasomwa kila mara. Chomoa vidhibiti na uvirudishe, usikilize kama vinashika. La muhimu kuliko yote, kiunganishe na intaneti ya simu yako na ujaribu kufungua duka la mtandaoni la Nintendo. Kifaa kilichochezewa ili kisome gemu za wizi kinaweza kuwa kimefungiwa, nacho kikifungiwa hutaweza kununua wala kupakua gemu hata ukiwa na fedha. Muuzaji akikuambia gemu mia zimo ndani bure, elewa kwamba hicho ndicho kifaa chenyewe.

Switch 2, iliyotoka Juni 2025, naiweka ya nne, ingawa najua wapo watakaopinga. Kioo chake cha inchi 7.9 ni kizuri mno kwa kusoma, na gemu zote kumi nilizozitaja huchezwa humo. Lakini bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 449.99, betri yake hudumu saa 2 hadi 6.5, na nguvu yake kubwa haina kazi katika gemu ambazo chimbuko lake ni kifaa kidogo cha mwaka 2001. Inunue ikiwa unataka pia gemu nyingine mpya. Kuna mtego mmoja ambao watu wanaoagiza kutoka nje wanapaswa kuujua: toleo la bei nafuu linalouzwa Japani kwa ajili ya soko la ndani lina lugha ya Kijapani tu na hukubali akaunti za Japani pekee. Mtu wa kukuletea akikutajia bei ya chini isivyo kawaida, mwombe picha ya boksi.

Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu, ni ya tano. Gemu za Capcom katika duka la mtandaoni la Steam hushushwa bei mara kwa mara, na mwenye subira hujipatia mkusanyiko mzima kwa fedha kidogo kuliko anayenunua kwa Nintendo. Kioo cha toleo la OLED la 2023 ni cha inchi 7.4, nacho ni bora kabisa. Tatizo ni kwamba kifaa hakiuzwi rasmi Tanzania, kina uzito wa gramu 640, na kikiharibika huna pa kukirudisha. Kinamfaa fundi wa kompyuta kuliko mtu wa kawaida.

Mwisho kabisa ni Nintendo DS na 3DS zilizotumika. Kuna jambo ambalo vifaa hivi vya zamani hufanya na ambalo wapenzi wa mfululizo huu hulikumbuka kwa furaha: katika gemu za DS unaweza kupaza sauti ya pingamizi kwenye maikrofoni na wakili akanyoosha mkono, na katika kesi ya tano ya gemu ya kwanza unapuliza unga kwa pumzi yako mwenyewe ili alama za vidole zionekane. Hata hivyo, duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa ununuzi Machi 2023, kadi bandia za DS ni nyingi, na kadi za 3DS hufanya kazi tu kwenye kifaa cha eneo moja nazo. Ukiona kifaa hiki, soma pia chaja yake, kwa sababu zipo zilizoandikwa volti 120 tu, na umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

Vile vifaa vidogo vyenye gemu mia nne ndani vinavyouzwa kandokando ya barabara havina gemu hata moja ya aina hii. PlayStation Portal, kifaa cha kuchezea gemu za PlayStation kwa njia ya mtandao, nayo si ya kununua kwa lengo hili, kwa kuwa inategemea intaneti ya kasi na yenye uhakika muda wote.

Kuhusu mahali pa kununua, maduka ya vifaa vya umeme ya katikati ya mji, kuanzia Mnara wa Saa na kushuka Barabara ya Sokoine, huwa na PlayStation kwa wingi kuliko vifaa vya mkononi, kwa hiyo mara nyingi utaambiwa uagize kutoka Kariakoo au Nairobi. Kuagiza si vibaya, mradi ulipe sehemu tu ya fedha kwanza, ukague mzigo ukifika, na udai risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho ya kifaa chako. Ongeza glasi ya kulinda kioo na mfuko wenye zipu, kwani vumbi la kiangazi huingia kwenye vijiti kuliko mtu anavyodhani. Pawabenki yenye tundu la USB-C huichaji Switch vizuri wakati umeme haupo.

Kadi za gemu za Switch hazina mipaka ya nchi, hivyo kadi iliyotoka Japani au Marekani itasomwa. Kitu cha kukagua ni lugha zilizoorodheshwa nyuma ya boksi, maana Kiswahili hakimo, na bila Kiingereza humo ndani utakuwa umenunua kitu usichoweza kukisoma. Anayetaka kupakua atafungua akaunti ya nchi nyingine, kwa kuwa Nintendo haina duka la mtandaoni la Tanzania, na kadi ya malipo atakayoinunua ni lazima iwe ya nchi ile ile aliyoichagua. Gemu ya kuanza nayo ni Phoenix Wright: Ace Attorney Trilogy. Asiyejiamini sana kwa Kiingereza aanze nayo pia, kwa sababu shahidi husubiri kila sentensi mpaka ubonyeze kitufe, na ile Investigations aiache hadi atakapomaliza hizo tatu, kwani mwendesha mashtaka Miles Edgeworth anayeongoza humo ni mtu ambaye historia yake imeelezwa katika gemu za mwanzo.