Duka la gesi nyuma ya steji: nyota tatu, na mbili ni za majirani

Huyu jamaa nimejaza kwake tangu 2021, ile VAT ya 16% iliporudi kwa gesi, na hiyo wiki alikuwa wa kwanza kubadilisha kibao cha bei, lakini 2023 ushuru ulipotolewa akajifanya hajaskia. Basi sisi wa ploti, nyumba kumi, tukaenda pamoja tukamwambia bosi, tunajaza mitungi yote kwako siku moja ama tunahamia kwa mwingine. Akashusha mia mbili kwa kilo 13, tena akatoa mizani bila kuombwa (kumbe alikuwa nayo miaka yote!!). Kuletewa nyumbani ndo bado shida, juzi nimengoja boda mpaka githeri ikalala nusu mbichi.